Pikapu Ikiinuliwa, Wajibu Nao Huinuka

Pikapu ndiyo gari la askari katika nchi yetu. Kwa pikapu doria hutoka kituoni usiku, kwa pikapu majeruhi hufikishwa hospitali, na kwa pikapu chakula na maji huwafikia walio mbali na kambi. Kwa hiyo neno lolote linalohusu mwili wa gari hilo si neno la mafundi peke yao. Ni neno la kila askari anayepanda nyuma yake akiwa ameshika bunduki kwa mkono mmoja na chuma cha bodi kwa mkono wa pili.

Leo twapenda kuzungumza juu ya desturi ya kuinua pikapu, yaani kuziwekea springi ndefu zaidi na tairi kubwa kuliko zile zilizotoka nazo kiwandani. Wapo wanaolitaka jambo hili kwa ajili ya kazi, na wapo wanaolitaka kwa ajili ya fahari. Msimamo wetu ni huu, nasi twausema mapema ili usipotee katikati ya maelezo: pikapu ikiisha kuinuliwa imekwisha kuwa gari jingine. Yapasa ipimwe kama gari jingine na iendeshwe kama gari jingine, na yule asiye na uwezo wa kuimaliza kazi yote asiianze.

HAJA IPO

Hatusemi kwamba haja haipo. Askari aliyewahi kufanya kazi Karamoja wakati wa mvua aujua udongo mweusi wa huko. Ukiwa mkavu hufanya nyufa. Ukilowa hunata, hujaza meno ya tairi, hata tairi likawa laini kama mche wa sabuni. Mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya malori huwa na kina kikubwa kuliko nafasi iliyo chini ya pikapu, na difu hukaa juu ya tuta la katikati huku magurudumu yakizunguka bure. Doria iliyokwama hapo haiwezi kuwafikia walioibiwa ng'ombe, wala haiwezi kujilinda vizuri. Mtu anayetafuta dawa ya hali hiyo hatafuti anasa.

Lakini dawa lazima ilingane na ugonjwa, na hapa ndipo wengi hukosea. Springi ndefu huinua chesisi na bodi. Haziinui difu ya nyuma hata kidogo, kwa maana ekseli yenye difu hiyo hubebwa na magurudumu yenyewe. Kinachoiinua difu kutoka ardhini ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya nyongeza ya kimo chake.

Tuchukue mfano wa Toyota Hilux inayovaa tairi za ukubwa wa 265/65R17. Kimo cha tairi hilo, kutoka ardhini hata juu, ni kiasi cha milimita 776. Ukivaa badala yake tairi za 285/70R17, kimo huwa kiasi cha milimita 831. Tofauti ni milimita 55, na difu imepanda kiasi cha milimita 27 tu. Huo haufiki upana wa vidole viwili. Naye aliyeinua bodi kwa milimita 50 bila kugusa tairi atakuwa na gari linaloonekana refu, ambalo tumbo lake haligusi mawe upesi na pua yake haichimbi kingo za mito, lakini difu yake itakwama katika tope lile lile la jana.

Tena yafaa tuulize kama gari limekuwa fupi kweli au limechoka tu. Springi za mabamba zilizobeba mzigo wa kupita kiasi kwa miaka mingi hulegea na kunyooka. Pikapu iliyolala nyuma namna hiyo haihitaji kuinuliwa. Yahitaji kurudishiwa springi mpya zenye nguvu inayolingana na mzigo wake. Aghalabu kazi hiyo peke yake hurudisha kimo ambacho dereva alidhani hakikuwapo.

HESABU HAINA CHEO

Sasa tuje kwenye jambo linalogusa uhai. Uimara wa gari lisipinduke hutegemea mambo mawili makubwa: upana ulio kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, na kimo cha kitovu cha uzito wake. Wataalamu wa usalama barabarani huchukua nusu ya upana ule na kuigawa kwa kimo cha kitovu. Namba inayopatikana ikiwa kubwa, gari ni imara. Ikiwa ndogo, gari ni jepesi kupinduka.

Tuseme pikapu yetu ina upana wa milimita 1,500 kati ya magurudumu, na kitovu chake kiko milimita 700 juu ya ardhi. Nusu ya upana ni 750. Tukigawa kwa 700 twapata 1.07. Tuipandishie sasa askari 10. Kila mmoja, pamoja na silaha, risasi na maji yake, tumkadirie kilo 90. Hizo ni kilo 900 juu ya gari lenye kilo 2,000, na miili yao iko juu kuliko gari. Tuseme kitovu chao kiko milimita 1,300 kutoka ardhini. Kitovu cha gari na watu pamoja hupanda hata kufika milimita 886 hivi, na namba yetu hushuka kutoka 1.07 kuwa 0.85. Hayo ni kabla fundi hajashika spana.

Tuinue sasa gari lile lile, kitovu chake na cha askari wake vipande kwa milimita 70. Kitovu cha jumla chafika milimita 956, na namba yashuka kuwa 0.78. Huo ni mfano wa hesabu, si kipimo cha gari fulani. Lakini mwelekeo wake hauna ubishi. Askari wanaokaa nyuma wamekwisha kula sehemu kubwa ya uimara wa gari, na kuinua gari ni kuchukua tena kutoka katika akiba iliyobaki ndogo. Wakisimama badala ya kukaa, akiba hiyo hupungua zaidi. Na barabarani mambo huwa mabaya kuliko katika hesabu, kwa sababu springi hulala upande mmoja gari linapokata kona, na watu nao huegemea upande huo huo.

Dereva anayeshuka na gari la namna hii katika kona za Kabale kwenda Kisoro hana budi kulijua jambo hili. Yeye ameketi ndani akiwa amefunga mkanda. Wenzake kumi wako nje, hawana mkanda wala paa. Gari likipinduka, wao ndio watakaolala chini yake.

MAMBO YASIYOONEKANA

Urefu wa gari huonekana na kila mtu. Mambo yanayoharibika kwa sababu ya urefu huo hayaonekani, na hayo ndiyo yanayoua.

La kwanza ni breki. Tairi kubwa huidai breki nguvu zaidi ili kusimama: katika mfano wetu wa Hilux, kiasi cha asilimia 7 zaidi kwa kila mkanyago, bila kuhesabu uzito ulioongezeka wa tairi lenyewe. Lakini iko hatari nyingine iliyojificha. Pikapu nyingi zina vali inayogawa nguvu ya breki za nyuma kwa kadiri ya mzigo. Fimbo ndogo huiunganisha vali hiyo na ekseli. Gari likibeba mzigo, bodi hushuka, fimbo husogea, na vali hupeleka nguvu zaidi nyuma. Gari likiwa tupu, bodi hupanda, na vali hupunguza nguvu ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na gari likateleza. Sasa fundi akiinua bodi bila kuirekebisha fimbo ile, vali itadanganyika. Itadhani gari ni jepesi hata likiwa na askari kumi, na itazinyima breki za nyuma nguvu wakati zinapohitajika kuliko wakati wowote. Dereva hataona kitu mpaka siku atakapokanyaga breki kwa haraka. Hali kadhalika mipira ya breki iliyotosha gari la kimo cha kiwandani yaweza kuvutwa ikakatika gurudumu linaponing'inia katika shimo.

La pili ni usukani. Pikapu yenye ekseli nzima mbele, kama zile za Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, ikiinuliwa hubadilika pembe ya ekseli yake. Usukani hupoteza tabia yake ya kujirudisha katikati, na gari huanza kutangatanga katika barabara iliyonyooka. Dawa yake ipo, nayo ni bushi za kurekebisha pembe hiyo, lakini lazima ziwekwe. Pikapu ambayo magurudumu yake ya mbele husimama kila moja peke yake, kama Hilux, ina shida ya namna nyingine: viungo vya shafti za mbele hulazimika kuzunguka katika pembe kali, mipira inayovifunika hupasuka, mchanga huingia, na kiungo hufa safarini.

La tatu ni kipimo cha mwendo. Tairi kubwa husafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko. Katika mfano wetu, kipimo kilichokuwa sahihi kikisema kilomita 100 kwa saa, gari liko katika 107. Kilomita za matengenezo nazo hudanganya: kipimo kikisema 5,000, gari limekwenda kama 5,350, na mafuta ya injini yamechelewa kubadilishwa. Hata daftari la petroli na dizeli hupotoka, mpaka dereva mwaminifu akaonekana mwizi.

La nne ni nguvu ya injini. Tairi kubwa ni sawa na kuongeza gia ndefu. Gari huwa zito kuondoka, klachi huteseka mlimani, na dereva hushuka gia mara kwa mara. Wenye kufanya kazi hii kikamilifu hubadilisha uwiano wa meno katika difu, mbele na nyuma pamoja, ili injini irudi katika mwendo wake.

La tano ni wananchi. Taa zilizopandishwa pamoja na gari humulika usoni kwa mwenye bodaboda anayekuja kutoka upande wa pili. Bampa lililopanda hulipita bampa la gari dogo na kugonga mahali penye watu. Mtoto aliyesimama mbele ya pua ndefu haonekani kwa dereva. Askari ni mlinzi wa raia. Haifai gari lake liwe hatari kwa raia huyo katika barabara ya kijiji chake.

WALIOTUTANGULIA

Majeshi yaliyosifiwa kwa kupita katika ardhi ngumu yana somo la kutupa. Mwaka 1940, nchini Misri, Ralph Bagnold aliunda kikosi kilichokuja kujulikana kwa jina la Long Range Desert Group, ili kusafiri katika jangwa la Libya nyuma ya adui. Watu wake walitumia malori ya kawaida ya kibiashara. Walianza kwa kupunguza uzito: waliondoa milango, vioo vya mbele na paa. Waliimarisha springi kwa ajili ya mzigo wa maji na petroli, wakavaa tairi pana, na wakajifunza kupunguza upepo wa tairi palipokuwa na mchanga mlaini. Ushindi wao juu ya jangwa ulitokana na elimu ya ardhi na nidhamu ya matengenezo.

Mwaka 1987, nchini Chad, jeshi la nchi hiyo liliwashinda Walibya wenye vifaru huko Fada mwezi Januari na huko Ouadi Doum mwezi Machi. Lilitumia pikapu za Toyota zenye silaha, hata vita vile vikaitwa Vita vya Toyota. Ulimwengu huvikumbuka kwa wepesi na kasi ya magari hayo, na kwa madereva waliolijua jangwa. Hakuna avikumbukaye kwa urefu wa springi.

Hata wale waliokwenda mbali kabisa katika ufundi huu hufuata kanuni hiyo. Nchini Iceland, kampuni ya Arctic Trucks huzivika Hilux tairi za inchi 38 kwa ajili ya kutembea juu ya theluji. Magari ya namna hiyo yalitumika mwaka 2007 katika safari ya televisheni ya Uingereza kuelekea ncha ya kaskazini ya sumaku. Tairi hizo ni pana ili, zikipunguzwa upepo sana, zielee juu ya theluji badala ya kuzama. Gari huinuliwa na bodi hukatwa ili tairi lipate nafasi. Kazi huchagua tairi, na tairi huchagua kimo. Anayeanza na kimo ameshika jambo hili kwa mkia.

UTARATIBU

Twashauri basi utaratibu ufuatao, nao hauhitaji fedha nyingi kuliko nidhamu.

Kwanza, kamanda aulize: gari hili hukwama wapi, na kwa sababu gani? Ikiwa ni kwa sababu ya tairi zilizokwisha meno, zinunuliwe tairi za matope za ukubwa ule ule. Ikiwa ni kwa mchanga au tope laini, dereva afundishwe kupunguza upepo, na apewe pampu ya kuujaza tena kabla ya kurudi barabara ngumu, kwa maana tairi lenye upepo mdogo likienda kasi hupata moto na kupasuka. Ikiwa ni kwa uzito, mzigo usio wa lazima uteremshwe. Ikiwa springi zimechoka, zibadilishwe.

Pili, ikiwa baada ya hayo bado haja ipo, idhini itolewe kwa maandishi. Gari la Serikali ni mali ya umma. Si la dereva wala si la mkubwa wa kituo, na hakuna mwenye haki ya kulibadilisha kwa mapenzi yake.

Tatu, kimo kiwe kidogo kadiri kazi inavyoruhusu. Kwa Hilux na zinazofanana nayo, milimita 50 hivi ni mpaka ambao mtu mwenye busara hauvuki bila kubadilisha mambo mengi zaidi. Vipande vya chuma visiwekwe kamwe kati ya springi na ekseli ya mbele, na vya nyuma visipandishwe kimoja juu ya kingine. Katika pikapu za zamani zenye fito za kujisokota mbele, fundi asidhani kwamba kukaza bolti za fito hizo ni kuinua gari bure; magurudumu hukosa nafasi ya kushuka katika mashimo, na gari huruka kama mbuzi. Shokomzoba ziwe za urefu unaolingana na springi mpya.

Nne, kazi isihesabiwe kwisha mpaka mambo haya yote yamefanyika: vali ya breki imerekebishwa, mipira ya breki imetazamwa magurudumu yakiwa yananing'inia, pembe za magurudumu zimepimwa, kipimo cha mwendo kimesahihishwa, na taa zimeteremshwa. Usukani ukatwe mpaka mwisho, kushoto na kulia, gari likiwa na mzigo, ili kuona kama tairi lagusa bodi. Tairi la akiba liwe la ukubwa huo huo, na jeki iweze kufikia. Yubolti zikazwe tena baada ya kilomita mia chache za kwanza. Na yote yaandikwe katika daftari la gari pamoja na jina na sahihi ya fundi.

Tano, gari lijaribiwe likiwa na mzigo wake kamili wa mifuko ya mchanga, si wa watu. Breki zijaribiwe, kona zijaribiwe kwa mwendo mdogo, na dereva ajifunze upya umbali wa kusimama. Ndipo askari wapande.

Kwa makamanda twasema: msiruhusu nusu ya kazi hii. Fedha zikitosha springi na tairi bila kutosha breki na vipimo, basi hazijatosha, na gari libaki kama lilivyo. Kwa mafundi twasema: mkubwa akikuamuru uinue gari na kulitoa karakana leo leo, mweleze kwa heshima kilichobaki, na ukiandike daftarini. Kufanya hivyo si utovu wa nidhamu. Ndiyo nidhamu yenyewe. Kwa madereva twasema: gari refu lisiwape moyo wa kwenda kasi. Kiti kikiwa juu, barabara huonekana kama yenda polepole, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Na kwa askari wanaopanda nyuma, twasema: mnayo haki ya kujua gari lenu limefanywa nini. Ulizeni kabla ya kupanda. Kaeni chini na shikeni chuma. Msijazane kupita idadi iliyowekwa. Askari mmoja akirudi nyumbani salama kwa sababu fundi fulani alikumbuka fimbo ndogo ya vali ya breki, hakuna atakayelisikia jina la fundi huyo. Lakini kazi ya ulinzi imejengwa juu ya watu wa namna hiyo, nasi twawataka wawe wengi katika kila karakana ya Jeshi, Polisi na Magereza.